Samadi ya Boma la Makongoro

“Usinishike mkono. Nijibu kwanza. Lile jiko pale ukutani ni la nani?”

“Wankyo, watu wanasikia.”

“Wasikie. Kuona si wameshaona? Ukumbi mzima umemwona mama yangu ameinama anapuliza moto, khanga ina tundu mgongoni, machozi yanamtiririka. Na wewe umesimama na kifimbo unamwonyesha kama ramani. Sasa unaogopa wasikie nini?”

Apolinary Masatu akaurudisha mkono wake, akakosa pa kuuweka, mwisho akautia mfukoni.

Walikuwa nyuma ya ukumbi, Musoma mjini, wakati wa mapumziko ya chai. Upande mmoja jenereta ilikuwa inanguruma, maana umeme wa mji ulikatika tangu asubuhi. Upande wa pili Shangazi Tereza na wenzake wa mtaa wa Kitaji walikuwa wanapika chakula cha mchana cha wajumbe. Kule mbele, juu ya mlango, kilitundikwa kitambaa cheupe chenye maandishi mekundu: KONGAMANO LA UTAFITI WA NISHATI, FANI ZOTE MEZA MOJA. Kwenye meza hiyo moja chuo kikuu kilikuwa kimewakalisha wahandisi, mabwana misitu, madaktari, wachumi na watu wa kilimo, wajadili nchi itapikia nini miti ikiisha na mafuta ya taa yakiendelea kuwa ya foleni. Huku nyuma wali wao ulikuwa unaiva kwa kuni mbichi juu ya mafiga, na moshi uliwafuata wapishi kila waliposogea.

Wankyo Makongoro alikuwa mwalimu wa sayansi kimu kule Bunda. Chuo hakikumwalika. Aliyemwalika ni Apolinary, mtafiti wa chuo hicho. “Njoo unisikilize,” alimwambia Jumapili iliyopita, kwa sauti yake ile ya chini iliyokuwa ikimfanya Wankyo asahau alichotaka kusema. “Njoo, watu wakujue.” Basi Wankyo akashona gauni la buluu, kitambaa cha kwanza alichokinunua bila kusukumana dukani tangu amalize chuo cha ualimu. Akapanda basi la alfajiri, akakaa mstari wa tatu, akangoja kutambulishwa. Taa zikazimwa, mashine ya slaidi ikawaka, na kilichotambulishwa kikawa jiko la mama yake.

“Siku ile ya kwanza, stendi ya Bunda,” alisema sasa, “uliniuliza nini?”

“Nilikuuliza kama basi la Musoma limepita.”

“Na baada ya hapo?”

Apolinary akautoa mkono mfukoni, akaurudisha.

“Umesahau? Mimi sijasahau. Uliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Butiama. Ukauliza baba anafuga, nikasema anafuga. Ukauliza ng’ombe wengi? Wanalala bomani au malishoni? Nani anapikaga nyumbani? Kuni wanakata wapi? Mimi mjinga nikarudi nyumba ya walimu nikamwambia mwenzangu Justina, huyu kaka ana nia, maana ameuliza mpaka ng’ombe wa baba.”

“Nilikuwa na nia.”

“Nia ya nini, Apolinary? Yangu au ya ng’ombe?”

Kutoka kwenye moshi mtu akacheka kwa pua. Alikuwa Shangazi Tereza, dada wa baba yake Wankyo, mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi na masikio yasiyopitwa na neno. “Mjibu, msomi,” alisema. “Na sisi tunangoja. Wali hauungui kwa maneno.”

“Shangazi, haya ni mambo yetu wawili.”

“Yangekuwa ya wawili mngeyasemea ziwani. Hapa ni jikoni.”

Apolinary alikuwa kijana mrefu wa Bukima, mtoto wa wavuvi, mweusi wa kung’aa, mwenye macho yasiyojua kukimbia. Hayo macho ndiyo yaliyomwangusha Wankyo pale stendi, si maswali. Alipomtazama sasa, Wankyo aliona haya kwamba moyo wake bado ulikuwa unafanya ujinga wake ule ule, unaruka kama dagaa kwenye wavu, wakati kichwa kinasema kaa mbali na mtu huyu.

“Nisikudanganye,” Apolinary alisema. “Mwanzoni nilikuwa natafuta boma. Boma lenye ng’ombe wanaolala ndani, lililo karibu na jiko. Nilizunguka Bunda yote. Nikakupata wewe.”

“Ukanipata juu ya boma. Kama nyongeza ya buchani.”

“Hapana. Nilipokupata wewe, boma ndilo lililokuwa nyongeza.”

“Maneno mazuri. Ulikuwa umeyaandaa kwa ajili ya kongamano?”

Shangazi Tereza akaguna kwa kuridhika, akarudi kukoroga.

Wankyo alisogea karibu, akashusha sauti. Lililokuwa linamkaba hasa hakutaka hata shangazi alisikie, ingawa ukoo mzima ulishalijua. “Leo mchana mnakwenda kwetu, nyie wote na basi lenu. Baba amekubali wageni waje. Amesema atawapa maziwa. Halafu amesema, mbele ya wageni, atakuuliza samadi yake uliipataje. Utamjibu nini?”

Hilo ndilo lilikuwa jipu. Katika ukoo wa Mzee Makongoro, samadi ya boma haitoki kwenda nyumba ya watu hivi hivi. Wanawake wa pale pale nyumbani wanaichota kukandika kuta na sakafu zao, hiyo haina neno. Lakini ya kuvuka lango inatoka mara moja tu kwa kila binti: siku anapoolewa, baada ya ng’ombe wa mahari kuingia, anachota samadi ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe, akakandikie ukuta wa kwanza wa nyumba anayokwenda. Akishaichota, amekwenda. Hata akilia njiani harudishwi.

Apolinary, mtu wa ziwani, angejuaje? Kwao Bukima mtu akitaka matumbo ya samaki kwa mbolea anaambiwa chukua na asante juu. Mwezi wa pili alikwenda Butiama mara ya kwanza kujitambulisha, na wiki iliyofuata, jioni, mchunga ng’ombe wa jirani akamwona anatoka langoni na madebe mawili ya samadi nyuma ya baiskeli, ameyafunika gunia. Mzee Makongoro alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa kimya hadi asubuhi, halafu akasema, “Amekuja kuomba binti akiwa ameshamchukua. Na amemchukua kwa kumfunika gunia.”

“Nitamwambia niliichukua,” Apolinary alisema.

“Kwa ruhusa ya nani?”

Macho yake, yale yasiyojua kukimbia, yalikimbia. Yalikwenda mara moja kule kwenye moshi, yakarudi.

Wankyo aliyaona. Akageuka kufuata njia yaliyopita. Kule kwenye moshi alikuwapo Pelagia, msichana wa jirani yake shangazi, amesuka nywele vizuri, anaosha vikombe. Asubuhi alikuwa amempa Apolinary chai kwa mikono miwili na kupiga goti. Nyuma yake alikuwapo mama yake Wankyo tu, amewapa mgongo, anachambua mchele.

“Yule ni nani kwako?” Wankyo aliuliza.

“Nani?”

“Uliyemtazama.”

“Sikumtazama mtu.”

“Sasa ndiyo umeanza kunidanganya. Mpaka sasa hivi ulikuwa unaniudhi tu.”

“Wankyo,” sauti ikamjia kutoka nyuma ya moshi. “Njoo unishikie sufuria nimwage maji.”

Mama yake, Benedikta, alikuwa amelala Kitaji kwa wifi yake tangu jana ili asaidie kupika. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kitambaa kila wakati mkononi kwa ajili ya macho yake, ambayo siku hizi yalikuwa mekundu kutwa. Wankyo akaacha ugomvi pale pale ulipofika, akaenda. Mama hakuwa na sufuria. Alimvuta mpaka nyuma ya choo cha ukumbi, mahali ambapo jenereta ingekula maneno yao.

“Acha kumsumbua yule mtoto,” alisema.

“Mama, hujui alichofanya mle ndani. Amekuweka ukutani. Mkubwa hivi.”

“Najua. Picha nilimwambia apige mimi.”

“Na ile khanga yenye tundu?”

“Ndiyo ninayopikiaga. Ulitaka nivae ya kanisani nipulizie moto?”

Mama akajifuta jicho la kushoto, halafu la kulia, bila haraka.

“Na samadi nilimpa mimi.”

“Umesema?”

“Nilimjazia mimi yale madebe. Kwa mikono hii. Baba yako alikuwa mnadani.”

“Mama.”

“Ngoja nimalize, wali utaungua na wifi atanisema mpaka Pasaka. Hospitali waliniambia nitoke kwenye moshi. Nikamuuliza daktari, nikitoka nani atapika? Akaniandikia dawa ya matone. Dawa yenyewe haikuwapo, haikuwapo pote. Sasa huyu Apolinary alipokuja, nyie mmekaa mnatazamana kama kuku wageni, baba yako kanyamaza, mimi niko jikoni. Akaja kunisalimia. Nikajua atauliza habari za kuni, maana ulisema anauliza kuni. Hakuuliza kuni. Akasimama upande huu, akainua vidole, akasema mama, hivi ni vingapi? Nikamwambia sioni vidole, naona mkono. Akahamia upande wa pili. Akakaa kwenye kinu. Halafu akanieleza hiyo gesi yake inayotoka kwenye samadi, moto usio na moshi.”

“Hakuniambia.”

“Nilimkataza. Nikamwambia jaribu na samadi ya ng’ombe wetu, ikiwaka uniletee. Akasema nitamwomba mzee. Nikamwambia ukimwomba atakataa, rudi Jumamosi akiwa mnadani, mimi nakupa. Na siku utakaposema ni mimi niliyekufungulia boma, mzee atanirudisha kwa kaka zangu na macho haya, nikawe mzigo. Akaniapia hatasema. Mpaka leo hajasema. Unamwona anavyotukanwa.”

“Iliwaka?”

“Nini?”

“Hiyo samadi.”

“Anasema iliwaka. Moto wa buluu, anasema, kama gauni lako.” Mama akamtazama kwa jicho lile lililokuwa bado linaona. “Sasa unajua. Ukimwambia baba yako, nitakuwa nimezaa bure.”

Akarudi kwenye moshi wake.

Wankyo alisimama nyuma ya choo. Alitaka kufurahi, furaha ikawa nzito kupanda. Kwanza alitaka kwenda kumkumbatia Apolinary mbele ya jenereta, hapo hapo. Halafu kichwa kikaanza tena. Mwanamume mwerevu anaweza kunyamaza kwa wema, na anaweza kunyamaza kwa hesabu. Huyu alijua kwamba siku moja mama mwenyewe atasema, na siku hiyo yeye ataonekana malaika. Na mle ndani watu walicheka. Hilo mama hakulisikia. Apolinary alisema, “Mwenye kaya hii anaamini samadi ikivuka lango, binti naye amevuka,” na maprofesa wakacheka mpaka mmoja akavua miwani akaifuta.

Akarudi. Apolinary alikuwa pale pale alipomwacha, chai imepoa mkononi. Pelagia alikuwa anaimba kwa sauti ya chini juu ya vikombe vyake, hana habari na mtu.

“Kwa nini uliwachekesha?” Wankyo aliuliza.

Hapo Apolinary aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. “Hapo nilikosea. Nilikuwa naogopa. Ukisimama mbele ya wale wazee unatafuta kitu chepesi cha kuanzia. Nikakiona chepesi. Walipocheka ndipo niliposikia nilichosema.”

“Ulikuwa unamcheka baba yangu.”

“Ndiyo.”

“Na mimi. Maana huyo binti anayevuka ni mimi.”

“Ndiyo,” alisema tena. Hakutafuta pa kujifichia. Wankyo aliona afadhali angetafuta, ingekuwa rahisi kumchukia.

“Baba atakuuliza, utasema uliichukua mwenyewe?”

“Ndiyo.”

“Atakufukuza mbele ya maprofesa wako. Na mimi nitatafutiwa mwingine, yupo mmoja wa Nyamuswa anangoja, ana ng’ombe na hana maswali.”

“Najua.”

“Na wewe utakubali tu, uondoke?”

Apolinary alimtazama mpaka Wankyo akahisi joto shingoni. “Kuna mtu nilimwapia,” alisema. “Nikimtaja, labda nitakupata. Lakini nitakuwa nimekupata kwa kumvunja yeye. Siku utakapojua ni nani, hutanitazama tena. Sasa nifanye nini, Wankyo? Niambie wewe. Mimi nimefikiri mpaka nimechoka.”

Kengele ya kuwarudisha wajumbe ikapigwa. Wankyo hakumwambia kwamba ameshajua. Alitaka kumwona kwanza mbele ya baba, asipojua kwamba kuna anayejua. Mwalimu hatoi majibu kabla ya mtihani.

*

Basi la chuo liliondoka baada ya chakula, dizeli yake ya kuombaomba. Wankyo alikaa nyuma na mama yake. Apolinary alikuwa amesimama mbele, ameshika bomba, anawaeleza wageni habari za nchi wanayoipita, na kila basi liliporuka shimo Wankyo aliona shingo yake ikikaza. Aliitazama shingo hiyo njia nzima. Alijiuliza ni mara ngapi mtu anaweza kuitamani shingo ya mtu asiyemwamini. Mama yake alikuwa amefumba macho, kitambaa kimetulia mkononi.

Boma la Mzee Makongoro lilikuwa chini ya mawe makubwa, limezungushiwa minyaa. Mzee mwenyewe alikuwa langoni, koti jeusi, kofia, fimbo. Alisalimia kila mgeni kwa mkono. Alitoa maziwa kwenye vibuyu, akangoja wanywe, akangoja wafute midomo. Kwa Apolinary alitoa mkono vile vile, ila hakuubana.

“Karibuni,” alisema. “Nasikia mmesoma mambo mengi, na leo mmekuja kuyaunganisha. Ni vizuri. Basi na mimi nina neno moja la kuunganisha. Kijana.”

“Naam, mzee.”

“Mwezi wa pili samadi yangu ilitoka kwenye lango hili.”

“Ilitoka, mzee. Niliichukua mimi.”

“Hilo najua. Siulizi nani aliibeba. Zizi langu lina mti wa kufungia, na mgeni hafungui. Nauliza nani alikufungulia.”

Apolinary akasimama wima. “Niliichukua mimi, mzee. Kosa ni langu. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa.”

“Sijauliza kosa ni la nani. Nani alifungua?”

Wageni walikuwa wameacha vibuyu. Mmoja alikuwa anatafsiriwa sikioni. Apolinary alikaza taya, akatazama mbele moja kwa moja, na safari hii macho yake hayakwenda popote. Wankyo aliyachunga. Yangekwenda kwa mama hata kidogo, yangekwenda hata kwa bahati mbaya, Mzee Makongoro angeyafuata. Hayakwenda.

“Hutaki kusema,” Mzee alisema.

“Siwezi, mzee.”

“Basi nami siwezi. Maziwa umekunywa. Lango unaliona.”

Apolinary akainama kidogo, kwa heshima, akageuka. Hakumtazama Wankyo. Pengine aliogopa. Mzee naye aligeuka, na jicho lake, bila haraka, likaanza kupita kwenye nyuso za watu wa nyumba yake, moja baada ya nyingine, likielekea mahali ambapo Benedikta alikuwa amesimama na kitambaa kimeganda shavuni.

Wankyo alikuwa bado hajamaliza kumshuku yule kijana. Hilo alilijua vizuri. Picha ile ukutani ilikuwa bado inamuuma, kicheko kilikuwa bado kinamuuma. Lakini alimwona anakwenda langoni mikono mitupu, na kwenye mikono hiyo mitupu alikuwa amembeba mama yake mzima.

“Nilimpa mimi, baba,” alisema.

Jicho la Mzee likasimama.

“Wewe ulikuwa Bunda.”

“Nilikuja Jumamosi.”

“Jumamosi ipi?”

“Ulipokuwa mnadani.”

Mzee Makongoro alimtazama binti yake, halafu akamtazama mkewe, halafu akatazama chini, akachora kitu vumbini kwa ncha ya fimbo. “Bunda siku hizi kuna Jumamosi nyingi,” alisema. “Unajua ulichofanya?”

“Najua. Nimelelewa hapa.”

“Ng’ombe kwanza, padri baadaye, samadi ndiyo mwisho. Wewe umeanza na mwisho.”

“Nimeanza, baba.”

“Kwa kijana ambaye mkia wa ng’ombe mmoja haujaingia hapa.”

“Utaingia. Yule hajafika mbali, muulize.”

“Simuulizi yeye. Binti akichota kwa kujificha, sisi wazazi hatujaona. Anaweza kusema alichota na hakuchota.” Akainua fimbo, akaonyesha zizi. “Kama ulichota, chota tena. Nione kwa macho yangu.”

Apolinary alikuwa ameshageuka langoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla. “Wankyo, usifanye,” alisema. “Hukuwa wewe. Unajua hukuwa wewe.”

“Nyamaza. Umenyamaza tangu mwezi wa pili, dakika hizi zitakushinda?”

Profesa mmoja wa misitu, mtu mzima mwenye furaha, alikuwa ameshatoa kamera. Aliona mila, akapiga hatua mbele, akainua. Apolinary alimfikia kabla hajabonyeza. Akaweka kiganja chake kizima juu ya kioo.

“Hapana, profesa. Samahani. Hii si ya kongamano.”

Wankyo alisikia. Kitu fulani ndani yake, kilichokuwa kimekunja ngumi tangu asubuhi, kikafungua kidole kimoja. Vingine alivibakiza. Safari ni ndefu, angevifungua huko mbele ikibidi.

Alivua viatu, akaviweka sambamba kando ya lango. Alichukua karai la mama yake pale ukutani. Akaondoa mti wa kufungia zizi yeye mwenyewe, akaingia na gauni lake la buluu, akainama. Ng’ombe walikuwa wametoka asubuhi kwenda malishoni, samadi ilikuwa imekauka juu, chini ingali na unyevu. Alichota kwa mikono miwili. Alichota kama alivyofundishwa akiwa mtoto, bila kukunja pua, bila kutazama pembeni, mpaka karai likajaa na gauni likaingia madoa mpaka magotini.

Kumtwisha binti siku hiyo ni kazi ya mama. Benedikta alikuja bila kuitwa. Alimkunjia khanga iwe ngata, akamwekea kichwani, wakashika karai kila mmoja upande wake. Uso wa mama ulikuwa karibu sana na wake, na machozi yalikuwa yanatoka, na safari hii hapakuwa na moshi. Hakusema asante. Alisema, “Ni zito, simama vizuri.” Wakanyanyua.

Mzee Makongoro alikuwa bado amesimama katikati ya lango. Wankyo alimwendea mpaka wakabaki na hatua moja.

“Ng’ombe waje kabla huo ukuta haujapasuka,” Mzee alisema, na akisema hivyo alikuwa anamtazama Apolinary. Kisha akasogea pembeni.

Wankyo akavuka. Apolinary alinyoosha mikono kupokea karai.

“Usinishike,” Wankyo alimwambia. “Hili ni langu mpaka lifike ukutani. Na ile picha ya mama utaishusha kabla hujanisemesha neno lingine la mapenzi.”

“Nitaishusha. Unakwenda wapi nalo?”

“Kwenu. Kukandika.”

“Kwetu ni Bukima, Wankyo. Hili basi ni la Musoma.”

“Basi tutashuka, tupande lingine.”

Akainama mlangoni kwa uangalifu, karai kichwani, akapanda basi la chuo kikuu. Akalishusha polepole, akaliweka magotini, akakaa dirishani. Dereva akageuka, akatazama, akavuta pumzi kutaka kusema, akamwona mzee mwenye fimbo kule nje, akaacha. Wajumbe nao wakaanza kupanda, mmoja mmoja, wahandisi, wachumi, mabwana misitu, wakikusanya suruali zao wasiguse. Kiti cha pembeni yake kilibaki wazi. Apolinary akakaa, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi.

“Bwana dereva,” Wankyo alisema, “sisi tayari.”